Mjadala: Mtu mzima apewe msimamizi kwa amri ya dharura kabla hajasikilizwa?

MLETA MADA, Temeke:
Wakuu, habari za jioni. Kundi letu la ukoo limewaka tangu juzi, wawili wameshajitoa. Dada yetu mkubwa anayeishi Florida, Marekani, amelazwa kwa kiharusi, na mahakama ya huko ikamteulia msimamizi wa dharura. Wanawe walipata karatasi amri ikiwa imeshatoka. Wajomba wanasema safi sana, na hapa kwetu iwepo, wazee wasiliwe nyumba zao. Mimi nimekataa.

Kwa wasioijua: mtu anakwenda mahakamani na kiapo kwamba fulani hajiwezi, na akiachwa mpaka siku ya kusikilizwa ataumia. Jaji akiridhika anateua msimamizi wa muda. Kuanzia hapo huyo ndiye anayeweza kuamua utibiwe nini, ulale wapi, na pengine hela yako itumikeje. Florida amri hiyo hudumu hadi siku 90 na inaweza kuongezwa 90 nyingine. Sheria ya mfano iliyoandaliwa Marekani mwaka 2017 ili majimbo yaichukue inabana zaidi: amri ikitolewa bila taarifa, mhusika ajulishwe ndani ya saa 48 na asikilizwe ndani ya siku 5. Tena inasema kuteuliwa msimamizi wa dharura si uthibitisho kwamba mtu hana uwezo.

Hapo ndipo ndugu wanapoingia mkenge. Wakitaka kuipinga wanakimbilia kuonyesha mama ana akili timamu, wanaanza kubishana na daktari. Swali la dharura ni jingine kabisa: kulikuwa na hatari gani isiyoweza kusubiri siku chache? Kichukue kiapo cha mwombaji, kisome mstari kwa mstari. Kimeandika "anaishi peke yake" wakati binti yake analala naye chumba kimoja? Kimenyamazia hati ya uwakilishi, ile ya kumpa mtu mamlaka ya kumwakilisha, aliyoisaini akiwa mzima? Hayo ndiyo ya kuweka kwenye kiapo kinzani. Na msikimbilie rufaa. Siku 90 zinakwisha jalada bado liko kwa karani. Rudini kwa jaji yuleyule, ombeni aitengue au apunguze mamlaka, na hapohapo mwombe zuio nyumba isiguswe.

Britney Spears, yule mwimbaji wa Marekani, alianza na usimamizi "wa muda" Los Angeles, Februari 2008. Ulifutwa Novemba 2021. Ndiyo muda wenyewe huo.

MUUGUZI MSTAAFU, Mbagala:
Mwanangu, umeongea kama mtu ambaye hajawahi kushika zamu ya usiku. Nimeona kwa macho yangu mjukuu anaingia wodini saa ya kuona wagonjwa na kile kidude cha kusajilia laini. Bibi hajitambui. Anamfuta dole gumba kwa kanga, analibandika, kinakataa, analilamba analibandika tena. Laini ikahamia kwake, na hela ya pensheni ikaenda na laini. Sasa niambie, hapo tungesubiri taarifa ya saa 48? Mwizi naye apewe nakala?

MZEE WA MAGOMENI:
Mahakama za nini? Tuna vikao vya ukoo. Wazee wanakaa, wanaandika muhtasari, yamekwisha.

MLETA MADA:
Shikamoo mzee wangu. Kikao hicho ndicho amri ya upande mmoja yenyewe, ile inayotolewa mhusika hajasikilizwa, tena haina jaji. Nimeshakaa kimoja: tunapitisha hati ya nyumba ishikwe na nani, mwenye nyumba yuko chumba cha pili anasikiliza taarifa ya habari. Hakuna aliyenyanyuka kumwita.

Mama muuguzi, la bibi nakubali ni dharura. Ila dawa yake ni kufunga laini na akaunti. Mbona bibi mzima akabidhiwe mtu?

WAKILI WA MTAANI, Kinondoni:
Niongeze kidogo. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inagusa usimamizi wa mali ya mgonjwa wa akili kupitia mahakama, kwa hiyo hatuanzi na karatasi tupu. Lakini Katiba ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu "fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu", haikumbagua aliyepooza. Na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tumeuridhia tangu 2009.

Wanaodhani msimamizi wa kulipwa ni malaika, Las Vegas kulikuwa na April Parks, kazi yake ilikuwa kusimamia wazee kwa amri za mahakama. Januari 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 16 hadi 40 kwa kuwaibia walewale. Yule mjukuu wa Mbagala alikuwa na kidude cha laini tu. Huyu alikuwa na amri za mahakama.

MUUGUZI MSTAAFU:
Haya, kwa nyumba na hela nimekubali, fungeni akaunti. Lakini mgonjwa wa kisukari mguu umeoza, anakataa usikatwe, watoto wamegawanyika mafungu mawili kwenye korido. Siku 5 huyo hana. Nani asaini, na asaini saa ngapi?

MLETA MADA:
Hapo jaji apigiwe simu hata saa nane usiku, amsikie mgonjwa mwenyewe kwa sauti yake, na amri iwe ya mguu huo tu, isihamie kwenye nyumba. Ila England na Wales, sheria yao ya 2005 inasema mtu hahesabiwi hana uwezo kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Kama anaelewa atakufa na bado anakataa, mimi simteulii mtu.

MUUGUZI MSTAAFU:
Hilo la mwisho silipokei. Mtu ana homa ya nyuzi 40 unamuuliza anaelewa? Anayempima huo uelewa ni nani usiku huo, jaji kwenye simu? Nijibu hilo, usinizungushe.