Ukoo wa Mfaume: Jumamosi ya Audrey

Da Rehema, 18:04
Wapendwa, salaam. Jumamosi ni filamu ya mwigizaji Audrey Hepburn, uani kwa Mama Mdogo. Roman Holiday ni dakika 118. The Nun's Story inakaribia saa mbili na nusu. Chagueni leo, msinichunie.

Da Rehema, 18:31
Watu 14 mmesoma. Kimya.

Hamisi, 18:40
Roman Holiday. Ndiyo iliyompa Oscar 1954. Tena fupi.

Zuhura, 18:43
Mi naomba ile ya gauni jeusi, Breakfast at Tiffany's 🙏

Hamisi, 18:45
Gauni hilo la mbunifu Givenchy lilipigwa mnada London 2006, pauni 467,200. Wewe fundi wa Idi bado anakudai.

Zuhura, 18:46
Alinikata mkono mmoja mfupi 😂 simlipi

Da Rehema, 18:52
Tusihame. Roman Holiday haina rangi, tukiwasha kabla ya saa moja na nusu giza halijakolea, tutaona ukijivu mtupu. Shuka livutwe pembe zote nne, likilegea nyuso zinapinda. Spika ya projekta ni ndogo, wa nyuma hawatasikia. Hamisi, lete waya mrefu.

Hamisi, 18:58
Waya upi? Ule uliorudi umekatika? Aliyeukata yumo humu.

Seif, 19:01
Hayo yaliisha.

Hamisi, 19:01
Kwako.

Zuhura, 19:10
Basi My Fair Lady, ina nyimbo

Hamisi, 19:13
Nyimbo karibu zote sauti ni ya Marni Nixon. Audrey alirekodi zake, studio wakazibadilisha.

Seif, 19:14
Kumbe pleibeki 😂 kama bendi ya harusi ya Zuhura

Zuhura, 19:14
Seif!!!

Babu Mfaume, 20:15
Wanangu. Binti huyo Audrey alikuwa Arnhem, Uholanzi, wakati wa vita. Baridi ya 1944 kuingia 1945 Waholanzi walikula vitunguu vya maua ya tulipu kwa njaa. Vita vilipokwisha, naye alikuwa katika watoto waliopewa chakula cha msaada. Alipokwenda Ethiopia 1988 na UNICEF, na Somalia Septemba 1992, alikuwa anaijua njaa. Januari 1993 akafa kwa saratani. Ninyi mnazungumza gauni. Wekeni ile ya mtawa Kongo, The Nun's Story. Sehemu yake ilipigwa Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1958, Wabelgiji wangalipo. Watoto waambiwe wanaitazama Kongo kwa jicho la watawa.

Hamisi, 20:31
Shikamoo Babu. Sawa.

Seif, 20:40
Sawa Babu.

Da Rehema, 20:44
Sawa Babu. Basi ya Kongo. Ina rangi, tuwashe saa moja kamili maana ndefu. Shuka natoa mimi.

Zuhura, 22:52
Ndo nashika simu. Si Roman Holiday? Nimeshawaalika majirani saa mbili

Da Rehema, 22:53
Zuhura jamani

Hamisi, 22:55
Na waya?