Suilven kutokea Lochinver: naweza kukata nyika moja kwa moja kutoka kibanda cha Suileag?

Mpandaji_Juni

Wakuu, salaam. Tuko watatu, tunapanga kupanda Suilven, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, mwezi Juni. Milima tumeizoea, ila ardhi ya kinamasi cha mboji hatuijui. Kwenye ramani naona kibanda cha Suileag kiko kaskazini mwa kilele, hata kilomita 3 hazifiki. Njia yenyewe badala ya kuelekea mlimani inaendelea mashariki, inaupita mlima, halafu ndiyo inarudi. Kuna ubaya gani kukata moja kwa moja? Pia naomba kujua kama siku moja inatosha, kama kuanzia kijiji cha Inverkirkaig, upande wa kusini, ni bora, na kama kuna kibali cha kupiga hema. Asanteni.

DiraMkononi

Usikate, mkuu. Kati ya kibanda na mlima kuna mto, na daraja halipo hapo, liko mbele mashariki. Ukishavuka mto unakuta vilima vidogo vya mwamba na vijiziwa vilivyotapakaa, kila kimoja kikikulazimisha kuzunguka. Hayo hayakutokea kwa bahati tu. Chini ya nyika ile kuna mwamba wa naisi, mkongwe sana (sehemu zake zina umri wa karibu miaka bilioni 3), na haupitishi maji. Barafu ya kale iliuparura ikaacha mashimo, mvua ikayajaza. Mlima wenyewe ni jiwe la mchanga lililokaa juu ya mwamba huo, ndiyo maana ukianza kupanda kwa kweli miguu inakauka. Yaani tabu ya Suilven iko kwenye nyika zaidi kuliko kwenye mlima.

Njia ya kawaida ni hii. Gari unaacha kwenye maegesho kabla ya Glencanisp Lodge, usiende nalo hadi kwenye nyumba. Unapita lodge, unafuata barabara ya vumbi kuelekea mashariki, unaacha njiapanda ya Suileag upande wa kushoto, unaendelea hadi kwenye daraja. Ukishavuka, baada ya mwendo mfupi tafuta rundo la mawe kulia: hapo ndipo unapoacha njia kuu. Kutoka kwenye gari hadi hapo ni karibu kilomita 7. Ukijikuta unatembea kando ya ziwa liitwalo Loch na Gainimh na ziwa linazidi kurefuka upande wako, umepitiliza, rudi.

Kutoka kwenye rundo la mawe njia inapanda nyika taratibu. Kipande hiki kilitengenezwa upya 2017 na 2018, zamani kilikuwa tope pana lililochimbwa na miguu ya watu. Juu yake kuna ziwa la Loch a' Choire Dhuibh, na hapo ndipo ukuta wa mlima unapoanza. Unapanda korongo kali la mawe na changarawe hadi kwenye shingo ya mlima, Bealach Mòr. Kushoto kwako unakuwa na Meall Meadhonach (mita 723), kulia Caisteal Liath (mita 731), ambacho ndicho kilele. Nenda kulia. Utapita kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kukatiza mgongo wa mlima. Wengi wanashangaa kuukuta juu kule. Kushoto ni kwa wenye kuzoea kukwea kwa mikono, siyo pa kujaribia.

Kuhusu muda, piga hesabu ya Naismith: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 20, kupanda kwa jumla karibu mita 850. Inakuja saa 4 jumlisha saa 1 na dakika 25. Lakini kanuni hiyo inadhani ardhi ni nzuri na hamsimami. Korongo lile unalishuka polepole kama ulivyolipanda, kwa sababu changarawe inateleza chini ya kisigino. Wekeni saa 8, na 9 kama kuna upepo. Kwa Juni siku moja inatosha kabisa: jua linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne na nusu usiku. Desemba ni habari nyingine, mwanga ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, basi.

Mama_Buti

Naongezea kuhusu kinamasi, maana ndicho mlichosema hamkijui.

Soma rangi kabla ya kuweka mguu. Kijani kibichi kinachong'aa, laini kama sponji, ni mimea inayoelea juu ya maji, hapo mguu unazama hadi goti au zaidi. Nyasi zenye vichwa vyeupe vya pamba maana yake chini pamelowa mwaka mzima. Vichaka vifupi vya rangi ya zambarau na kahawia vinaota palipokauka kidogo, kanyaga hapo. Mboji nyeusi iliyo wazi, bila jani juu yake, inadanganya: uso umekauka, chini ni uji.

Mtu akizama, asivute mguu kwa nguvu wima, buti litabaki. Aegemee nyuma, autikise mguu mdogo mdogo ili maji yaingie pembeni mwa buti, ndipo autoe kwa kuuinamisha. Fimbo za kutembelea ni muhimu kuliko mnavyodhani, ila kazi yake kubwa ni kupima kina kabla ya hatua.

Vaeni buti linalopanda juu ya kifundo na vikinga-tope hadi chini ya goti. Soksi za sufu, na jozi ya pili ndani ya mfuko usiopitisha maji. Msitegemee buti lisilopitisha maji likae kavu siku nzima. Maji huingilia juu, na yakishaingia hayatoki. Jeans iacheni nyumbani, ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili.

Vijito: mboji ikishashiba haishiki tena mvua, kwa hiyo kijito mlichokiruka asubuhi kinaweza kuwa hakivukiki alasiri. Kikiwa juu ya goti na kinakwenda kasi, msivuke. Pandeni kufuata mkondo mpaka kigawanyike, au msubiri. Vijito vile hushuka haraka kama vinavyojaa. Rangi ya chai kwenye maji ni ya mboji tu, haina madhara, lakini kulungu na kondoo wako kila mahali. Chemsheni au chujeni. Kichujio kitaziba mapema kwa mboji, basi chukueni na vidonge vya kutibu maji.

Nyika_na_Maziwa

Kuhusu Inverkirkaig: ni njia nzuri kwa mtu anayetaka maziwa kuliko kilele. Unafuata mto Kirkaig, kuna maporomoko kando ya njia, kisha unafika Fionn Loch. Unalizunguka kwa upande wake wa magharibi ndipo upite ng'ambo chini ya mlima. Mzunguko huo ndio unaochosha, tope ni jingi, na mpando wa kusini kwenda Bealach Mòr ni mkali kushinda wa kaskazini. Kama ni mara ya kwanza, Glencanisp.

Kibali cha hema hakihitajiki. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kulala nje, mradi awajibike. Ardhi hii imekuwa mali ya wanajamii wenyewe, Assynt Foundation, tangu 2005, na haki ni ileile. Masharti yake kwa kifupi: hema chache, usiku mbili au tatu mahali pamoja, mbali na nyumba. Choo ni shimo, angalau mita 30 kutoka kwenye maji. Moto msiwashe kabisa juu ya mboji. Mboji yenyewe ni kuni, inaungua chini kwa chini siku nyingi baada ya nyie kuondoka. Haki hiyo haihusu uvuvi, samaki wanahitaji kibali chao.

Jambo moja watu hawalijui. Mei na Juni kwenye maziwa hayo hutaga ndege mzamiaji mwenye koo jeusi. Miguu yake imekaa nyuma mno mwilini, hawezi kutembea vizuri nchi kavu, kwa hiyo kiota kinakuwa pale pale ukingoni mwa maji, mara nyingi kisiwani. Mkipiga hema karibu anaacha mayai yapoe. Kama mnaona ndege mkubwa anaogelea akizunguka-zunguka bila kuondoka, hamieni kwingine.

Suileag iko wazi, inatunzwa na Mountain Bothies Association, chama kinachotunza vibanda vya milimani. Hakuna maji ya bomba, choo wala umeme. Bebeni hema hata hivyo, panaweza kujaa.

Mpandaji_Juni

Nashukuru sana, wazo la kukata nimeliacha. Je, ukungu ukitukuta kileleni?

DiraMkononi

Hatari ni kushuka mapema. Kilele ni kipana na kina nyasi, kinakupa imani, lakini pande zote ni majabali. Kabla hamjaondoka Bealach Mòr kupanda, pimeni mwelekeo wa kurudi kwenye ramani (Explorer 442, kipimo 1:25,000), muuandike. Mkirudi, mtakwenda mashariki mkiinamia kusini kidogo. Ukuta wa mawe ndio uthibitisho wenu. Kabla ya kuufikia msigeuke kushoto hata mkiona kama kuna njia, na hata mkishaupita shukeni mpaka shingoni kabisa.

Ramani kwenye simu ipakueni kabla, mtandao ni wa kubahatisha. Hapo hapo tumeni neno "register" kwenda 999, namba ya dharura, ili muweze kuomba msaada kwa ujumbe mahali ambapo simu haipigiki. Mkipiga, ombeni polisi, kisha waokoaji wa milimani. Filimbi: mipigo 6 kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia.

Mama_Buti

Na visubi, jamani! Juni ndiyo wanaanza kuchachamaa. Upepo ukivuma zaidi ya kama kilomita 11 kwa saa hawaruki, basi hema liwekwe mahali panapopitiwa na upepo, siyo bondeni kando ya maji, hata kama bondeni panapendeza. Nyavu ya kichwa ni lazima. Jioni kagueni kupe nyuma ya magoti na kinenani. Mtoe kwa kibanio kilichoshika karibu kabisa na ngozi, uvute polepole moja kwa moja, bila mafuta wala moto. Wekeni alama ya tarehe. Wekundu unaotanuka ngozini ndani ya wiki chache ni wa kumwonyesha daktari.