Safari ya kikundi, wiki nzima ya yoga: kwa nini hatuambiwi yote kabla ya kulipa?

Mleta mada, Dar

Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa rohoni tangu turudi mwezi wa tatu, leo naliweka hapa tulijadili kwa heshima maana najua kuna vikundi vinajiandaa kwenda mwakani.

Sisi ni kina mama 12, tulianza kama vikoba baadaye tukasema kila mwaka tutoke safari moja. Safari hii mwandaaji, simtaji jina, akatuletea India, siku tatu Mumbai halafu wiki nzima kwenye kituo cha yoga Rishikesh. Kwenye gurupu aliandika "mazoezi ya viungo, chakula cha afya, kupumzisha akili", basi, hakuna kingine. Na anatujua vizuri, saba Waislamu, watano Wakristo, mmoja wao mke wa mchungaji.

Tukapanda ndege ya Dar mpaka Mumbai, tukaunganisha Dehradun, kisha gari. Rishikesh iko pale mto Ganges unapotoka kwenye milima ya Himalaya, ni mji mtakatifu kwa Wahindu, nyama na pombe ni marufuku humo ndani. Hilo peke yake tungelijua mapema kila mtu angejiuliza anaenda kufanya nini.

Asubuhi ya kwanza kengele saa kumi na moja na nusu, baridi mpaka vidole vya miguu vinauma. Tumekaa kwenye mikeka, mwalimu kijana mpole sana anatuambia tufumbe macho tuvute pumzi halafu tutoe sauti ya "Om", ambayo kwa Wahindu ni sauti takatifu, mara tatu. Nikafumbua macho, mbele yangu kuna dada yetu wa Tanga, mabega yamekakamaa, mikono kaibana mapajani, mdomo kaufunga kabisa. Mke wa mchungaji machozi yanamtoka kimyakimya. Wengine tuliitikia tu kwa sababu wenzetu wameitikia, ndo ukweli wenyewe. Kila siku baada ya hapo tunafanya Surya Namaskar, mikao 12 inayofuatana, na ni siku ya tatu ndo mtu akatuambia maana ya hilo jina ni kulisalimia jua.

Sasa niseme na upande wa pili maana sitaki kumuonea mtu. Mgongo umenisumbua tangu uzazi wangu wa mwisho, siku ya nne ukalegea, nikalala usingizi ambao sijaupata miaka mingi. Hilo silikani.

Lakini siku ya tano jioni tukapelekwa mtoni kwenye aarti, moto unazungushwa kwenye mataa makubwa, watu wanaimba, unapewa kibakuli cha majani kina maua na utambi unaowaka unakisukuma majini. Wenzetu watatu wakasukuma, wakapigwa picha wakifurahi, usiku mezani mpishi akatuelezea kwamba ile ni sadaka kwa mto, na mto kwao ni mungu, Mama Ganga. Mmoja alilia mpaka alfajiri. Yule wa Tanga hakuguswa na hilo maana muda wote alikaa mbali kwenye ngazi, amebeba viatu vyetu.

Swali langu, je mwandaaji ana haki ya kuuza wiki kama hii kwa jina la mazoezi? Mimi nasema hana. Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Pole sana dadangu. Hili si geni, baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008, Indonesia nao 2009 wakasema ikiwa na mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada ni haramu, ikiwa ni kunyoosha viungo pekee haina neno. Mimi naifuata hiyo ya Indonesia. Lakini wewe mtu mzima umelipa pesa zako, hukuuliza? Mji mtakatifu wa watu unaenda kutafuta nini?

Mchangiaji, Jeddah

Tusikuze mambo jamani. Mimi niko Saudia mwaka wa tisa, huku tangu Novemba 2017 yoga inaruhusiwa kufundishwa kama mchezo, na hapa ndo ilipo Makka. Chapati, achari, vyote vimetoka India na hakuna aliyebadili dini kwa kula. Mtu unafanya mazoezi, moyo wako unao mwenyewe.

Mchangiaji, Mbeya

Chapati haikuambii ulisalimie jua. Mimi ni mlokole, kwangu hilo halina mjadala, nisingeenda hata kwa kulipiwa.

Mchangiaji, Upanga

Naomba na mimi niseme maana mnaongelea dini yangu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa hapahapa Dar, shule nimesoma na nyinyi, na kila mwaka mnapita Kisutu mnaona taa zetu za Diwali. Inaniuma vitu viwili. Kwanza mtu akisema ni mashetani, bibi yangu amefanya pranayama, mazoezi ya pumzi ya yoga, kila asubuhi mpaka amezeeka na sijawahi kumuona anamuombea mtu mabaya. Pili, na hii inaniuma zaidi, mtu akisema "ni mazoezi tu". Kwa Patanjali, mwalimu wa kale aliyeandika misingi ya yoga, yoga ina hatua nane, mikao ni hatua moja tu, ya tatu, na kumkabidhi Mungu nafsi yako kumo humohumo. Najua siku hizi dunia nzima inafanya, mpaka Umoja wa Mataifa umeipa siku yake tarehe 21 Juni, sina kinyongo, fanyeni. Ila huyo mwandaaji amewadanganya nyinyi na sisi pia ametukosea, ibada ya watu kaigeuza kivutio cha kupigia picha.

Mleta mada

Kaka wa Upanga asante, nimeisoma nikaisoma tena. Hata yule aliyelia nimemtumia, kasema amepumua kidogo.

Mombasa, kweli sikuuliza na hilo nalibeba. Ila wenzangu watatu hawana hata simu ya kuingilia mtandaoni, wangeuliza wapi? Waliniamini mimi, mimi nikamuamini mwandaaji.

Jeddah, hapo kwenye moyo wangu ninao mwenyewe nakuelewa, lakini moyo unauchagulia ukiwa unajua unachagua nini. Siku ya pili dada wa Tanga alimfuata mwalimu akamueleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba yeye hatamki zile sauti. Kijana hakukasirika hata kidogo, kamwambia wewe kaa, pumua, mikao unayoitaka fanya, usiyoitaka pumzika. Kuanzia hapo alimuwekea kiti pembeni mlangoni, na ndiye pekee kati yetu aliyemaliza wiki akiwa na amani. Yaani wenye dini yao walikuwa tayari kutuelekeza, aliyetuficha ni wa kwetu.

Mwakani kikundi kinataka kwenda tena na mwandaaji ni huyohuyo. Nimemwandikia atupe ratiba ya saa kwa saa, kila kitu kiandikwe jina lake na maana yake, na kipi mtu anaweza kukaa nje, kabla hatujatoa hata shilingi. Meseji ameiona tangu Jumatatu, mpaka sasa hajajibu.