Kikundi cha jamaa: Batoto ba Kambo (mukubwa wa jamaa), Katuba, Lubumbashi

Jumapili

Tantine Béa, 18:02: Jambo bote. Nadine iko na diploma, 74 ku mia, na anakaa tu nyumba. Kuko bwana mu mji anatafutia batoto buruse (musaada wa masomo) ya Uturuki. Dosie ni dolari 150. Kila nyumba 15. Mwisho Jumatano.

Tantine Béa, 18:47: Naona bantu 11 banasoma. Ku matanga munajibu mbio.

Yaya Papy, 19:20: Uturuki kuko baridi. Nadine anaogopa hata maji ya asubuhi 😂

Cousine Gisèle, 19:22: Atuletee mapazia ya salon

Tantine Béa, 19:23: Gisèle!!

Junior, 20:05: Tantine, kuomba buruse ya serikali ya Uturuki ni bure. Unaijaza mwenyewe ku intaneti, miaka hii tangu Januari 10 mpaka Februari 20. Umri chini ya 21, alama kuanzia 70. Wakikuchukua wanalipa masomo, chumba, matunzo ya ugonjwa, makuta (feza) ya mwezi, ndege, na mwaka wa kwanza unajifunza Kituruki. Ila udaktari banataka 90.

Tantine Béa, 20:07: 90? Na nilisha kuambia kanisa yote anaenda kuwa dokta

Nadine, 20:08: Tantine, mimi nilisema jeolojia 🙏

Yaya Papy, 20:09: Tunalala juu ya shaba, ye anaenda kutafuta mawe Ankara

Noko Fidèle, 20:31: Na makampuni ya migodi? Sheria ya migodi ya 2018 inasema watoe 0,3 ku mia ya mauzo kwa maendeleo ya jamii.

Junior, 20:33: Ni ya jamii zinazoguswa na mgodi, Noko. Katuba haimo.

Yaya Papy, 20:34: Aolewe Fungurume basi, kule ku migodi

Tantine Mado, 21:10: Mbele ya kuchanga, mutuambie makuta ya kiwanja. Serge alisoma nayo. Diploma yake mpaka leo sijaiona.

Serge, 21:12: _Ujumbe huu umefutwa_

Tantine Béa, 21:13: Mado, si leo

Tantine Mado, 21:13: Ni weye ulikusanya

Nadine, 21:40: Kambo anasema niandike hivi: "Kile kiwanja niliuza mimi. Kidole ku karatasi ni changu. Serge muache. Na ule bwana wa dosie, alipiga hodi kwangu lini? Hakuna makuta inatoka."

Tantine Béa, 22:31: Eyo Kambo.

Tantine Béa, 22:33: Ila nilisha kumupa 30.

Yaya Papy, 22:34: 🤐

Tantine Béa, 22:36: Junior, uje kesho na kompyuta yako. Saa kumi. Usile kwenu.

Nadine, 22:38: Pasipoti sina

Junior, 22:41: Kwa kuanza, karatasi ya kuzaliwa inatosha

Nadine, 22:42: Iko mu kasha ya Tantine Mado, na ya bote

Tantine Béa, 22:43: Mado?

Tantine Béa, 22:58: Mado, naona uko hewani