Kwa nini bustani za burudani zenye jina moja hutunzwa kwa viwango tofauti?

Mama wa Muscat anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka mitatu ili tuwapeleke watoto wetu wanne kwenye bustani kubwa ya burudani, kabla mkubwa hajafikia umri wa kuona haya kuongozana na wazazi wake. Mwaka jana tulijaribu bustani ndogo katika nchi ambayo sitaitaja, na nilirudi na donge rohoni. Mitambo mitatu tuliyoiona kwenye matangazo ilikuwa imefungwa, na langoni hapakuwa na tangazo lolote. Tulilijua hilo baada ya kulipa kiingilio cha watu sita. Mlango wa choo cha wanawake ulikuwa hauna komeo, umefungwa kwa kamba ya katani. Kijana aliyesimamia bembea za watoto alipita kwenye viti akizungumza na simu, akigusa kila mkanda kwa ncha za vidole kama mtu anayehesabu magunia. Mwanangu wa pili, mwenye miaka 7, aliniuliza kama mkanda wake umefungwa kweli. Nilimshusha.

Kila ninayemwomba ushauri ananiambia niende Disney na sitajuta. Wengine wananiambia kwamba ya Paris si sawa na ya Tokyo, na ya Tokyo si sawa na ya Florida. Jina moja linawezaje kubeba viwango vinavyopishana hivyo, na mzazi aangalie nini kabla ya kutoa fedha zake? Tena sisi tuko Oman, kwa hiyo Abu Dhabi tunaweza kufika kwa gari letu. Kama huko kunatosha, sioni haja ya kulipia ndege za mbali.

Dada wa Urayasu anajibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Ninaishi Japani mwaka wa tisa sasa, vituo vichache vya treni kutoka Tokyo Disneyland, kwa hiyo upendeleo wangu uujue mapema.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba bustani hii, iliyofunguliwa tarehe 15 Aprili 1983, si mali ya Disney. Mwenyewe ni kampuni ya Kijapani iitwayo Oriental Land, ambayo huwalipa Wamarekani ada ya kutumia jina, wahusika na ubunifu wao, kisha inaiendesha yenyewe. Katika bustani ya Disney ya Hong Kong mwenye hisa nyingi ni serikali ya huko, na katika ile ya Shanghai asilimia 57 iko mikononi mwa kampuni za Kichina, asilimia 43 ikiwa ya Disney. Hapo jibu la swali lako la kwanza linaanza kuonekana: jina ni lile lile, lakini mwenye mali, anayelipia rangi na wafagiaji, si yule yule kila mahali.

Usafi wa hapa hauhadithiki. Usiku, wageni wakiisha kuondoka, kikosi cha usafi huingia na mipira ya maji na kuziosha njia zote za bustani, na kipimo wanachofundishwa ni kwamba asubuhi mtoto mchanga aweze kutambaa pale bila mama yake kushtuka. Mchana wafagiaji hutembea na ufagio na kizoleo chenye mpini mrefu, hawainami. Siku moja nilimwona mmoja akichovya ufagio wake kwenye maji na kumchora panya mashuhuri juu ya sakafu kwa mikwaruzo saba au minane, watoto wakamzunguka, na baada ya dakika chache jua likaikausha picha yote. Hakuomba bahashishi, na hapa hakuna anayeitoa.

Lakini kipimo cha huduma ninachokiamini mimi ni tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipopiga, bustani mbili za hapa, Disneyland na jirani yake DisneySea, zilikuwa na watu wapatao 70,000. Wafanyakazi, wengi wao vijana wa ajira ya muda, walichukua midoli laini kutoka madukani na kuwagawia wageni wafunike vichwa vyao, bila kusubiri ruhusa ya mkubwa yeyote, na watu wapatao 20,000 ambao hawakuwa na treni ya kurudi nyumbani walilala humo humo. Ardhi ya mji wetu iligeuka uji, kwa kuwa ni ya kufukiwa baharini, na hata maegesho ya magari ya bustani yakaharibika. Bustani yenyewe ilisimama kwa sababu udongo wake ulikuwa umeshindiliwa vizuri wakati wa ujenzi. Walifunga zaidi ya mwezi mmoja, wakakagua kila kitu, wakaifungua Disneyland tena tarehe 15 Aprili.

Fundi wa Zamu ya Usiku anajibu:

Shikamoo mama, na salamu kwa dada wa Urayasu, ambaye nakubaliana naye kwa mengi isipokuwa jambo moja. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa fundi wa mitambo katika bustani mojawapo ya Ghuba. Kwa macho ya fundi, usafi ni jambo moja na matunzo ni jambo jingine, na mgeni huona la kwanza tu.

Hiyo Tokyo inayosifiwa, mwezi Desemba 2003 behewa la rolakosta yake (treni ya kasi inayopanda na kushuka relini) ya Space Mountain liliacha njia karibu na kituo baada ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kukatika. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba michoro ya ekseli ilikuwa imebadilishwa kutoka vipimo vya inchi kwenda vya milimita, kisha vipuri vikaagizwa kwa mchoro wa zamani, vikaja vyembamba kwa tofauti isiyofika milimita moja. Sakafu iliyooshwa kila usiku isingeweza kumwonyesha mtu kasoro hiyo. Miezi mitatu kabla yake, huko California katika Disneyland ile ya asili, treni ya Big Thunder Mountain iliacha njia, kijana mmoja akafa na watu kumi wakajeruhiwa, na wakaguzi wa jimbo wakasema chanzo ni matengenezo yasiyofanywa sawasawa: bolti za sehemu inayoshika magurudumu ya mwongozo hazikuwa zimekazwa ipasavyo.

Mfano ninaowapa vijana wapya, hata hivyo, ni wa Alton Towers, Uingereza, tarehe 2 Juni 2015. Behewa tupu la majaribio lilikwama njiani kwenye rolakosta iitwayo Smiler. Kompyuta ililiona, na kwa kuwa njia imegawanywa katika vipande ambavyo haviruhusiwi kuwa na treni mbili kwa wakati mmoja, ikaizuia treni ya abiria iliyokuwa nyuma. Mafundi wakadhani kompyuta imekosea, kama inavyokosea siku nyingine, wakaipita kwa mkono na kuiruhusu treni iende. Watu 16 waliumia na wasichana wawili wakakatwa mguu. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni faini ya paundi milioni 5. Mtambo ulikuwa na umri wa miaka miwili tu, rangi yake bado inang'aa.

Sasa nikueleze kazi inavyokwenda pale inapofanywa vizuri. Saa nane za usiku tunakata umeme wa mtambo, na kila fundi anayepanda juu ya reli anatundika kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu, lenye jina na picha yake, na ufunguo anautia mfukoni mwake. Mafundi sita, makufuli sita. Mtambo hauwezi kuwashwa mpaka wa mwisho ashuke na kufungua la kwake, hata meneja akija amevaa tai. Kila bolti muhimu ina mstari wa rangi uliopigwa kutoka kwenye kichwa chake hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nusu mbili za mstari huo zikipishana, bolti imezunguka, na hapo hatuendelei. Alfajiri treni zinazungushwa tupu, kisha wafanyakazi wanapanda, ndipo karatasi inatiwa saini. Kila mwaka treni moja moja hufunguliwa mpaka mifupa, vyuma vinapimwa kwa vifaa vinavyoona nyufa ambazo jicho halizioni, na jambo hilo huchukua wiki nyingi.

Kwa hiyo mama, mtambo uliofungwa si aibu kwa bustani. Aibu ni kuufunga na kumwacha mgeni alipe ndipo ajue. Tokyo hutangaza kwenye tovuti, miezi kabla, ni mtambo gani utafungwa na kuanzia tarehe gani hadi gani, na hapo dada yangu amepata pointi ambayo hakuitaja.

Kuhusu Ghuba: adui zetu ni jua na mchanga. Formula Rossa, rolakosta ya bustani ya Ferrari World, Abu Dhabi, inakwenda kilomita 240 kwa saa, na abiria huvalishwa miwani kwa sababu punje ya mchanga kwa mwendo huo ni kama changarawe. Rangi nyekundu ya nje hupauka upesi, grisi hukusanya vumbi ikawa kama msasa. Ndiyo maana Warner Bros. World ya pale pale Kisiwa cha Yas, iliyofunguliwa 2018, iliwekwa yote chini ya paa lenye kiyoyozi. Kwa watoto wako wadogo ningeanzia hapo, na kutoka Muscat ni safari ya gari ya siku moja pamoja na mpaka.

Baba wa Tilburg anajibu:

Naongeza Ulaya, kwa kuwa imesahauliwa. Paris ilifunguliwa Aprili 1992 na kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imelemewa na madeni, na Disney yenyewe ilikuwa na sehemu tu ya hisa. Tuliokwenda wakati ule tunakumbuka rangi iliyobanduka na vibaraka vya mitambo vilivyosimama mkono mmoja hewani. Mwaka 2014 ikaingizwa euro bilioni 1 za kuiokoa, mitambo mikubwa ikakarabatiwa mmoja baada ya mwingine, 2017 Disney ikainunua yote, na 2021 hata kasri lilifunikwa turubai na kufanyiwa ukarabati kuanzia msingi hadi vilele. Anayekwambia habari za Paris muulize alikwenda mwaka gani.

Karibu na kwangu, hapa Uholanzi, iko bustani ya Efteling, ya tangu 1952, na mwenye nayo ni wakfu, hivyo faida hurudi kwenye bustani yenyewe. Humo mna masanamu ya majitu yenye mashavu manene na kinywa wazi, yaitwayo Holle Bolle Gijs, ambayo tangu miaka ya 1950 huita kwa sauti kwamba karatasi ziletwe hapa, na ukisogeza karatasi kinywani huivuta kwa nguvu, kisha husema asante. Binti yangu alizunguka nusu saa akitafuta taka za watu wengine ili alilishe jitu lile, na zilipokwisha akaniomba nimnunulie biskuti nyingine kwa ajili ya ganda lake tu.

Kuhusu huduma nina lawama moja kwa bustani kubwa za siku hizi. Disney ilipoanzisha tiketi ya kupunguza foleni mwaka 1999 ilikuwa bure kwa kila aliyelipa kiingilio, na 2021 ikafanywa ya kulipia. Baba aliyelipa kiingilio kamili husimama saa nzima akiwaona wengine wakipitishwa mlango wa pembeni, na hakuna tabasamu la mfanyakazi linaloweza kumfariji. Katika hesabu yako, mama, weka na gharama hiyo.

Mama wa Muscat:

Nawashukuru nyote, na marahaba, mwanangu fundi. Naomba nikuulize jambo moja ambalo halijaniacha tangu mwaka jana. Yule kijana wa bembea, aliyekuwa akigusa mikanda kwa vidole: nilikosea kumshusha mtoto? Mume wangu anasema nilitia chumvi, kwa kuwa mashine za siku hizi haziondoki kama kiti hakijafungwa.

Fundi wa Zamu ya Usiku:

Hukukosea, mama. Mumeo anasema kweli kwa mingi ya mitambo mikubwa ya kisasa, ambayo ina vitambuzi kwenye kila kiti na haiondoki kituoni kizuizi kimoja kikiwa wazi. Hata huko mhudumu anatakiwa asukume kizuizi chini na kukivuta juu kwa nguvu, kiti kwa kiti, kisha amwoneshee mwenzake ishara kwa mkono ulionyooshwa. Lakini bembea nyingi ndogo za watoto hazina kitambuzi chochote. Zina mkanda au mnyororo, na kati ya mnyororo huo na mtoto wako hakuna ulinzi mwingine isipokuwa mkono wa yule kijana, ambao siku hiyo ulikuwa na simu.

Ukifika Yas, kabla watoto hawajapanda, simama kando ya mtambo wowote mdogo uangalie raundi mbili nzima. Tazama mikono ya mhudumu, na utazame kama raundi ya pili anafanya yale yale aliyoyafanya ya kwanza. Na tarehe za matengenezo ziangalie kwenye tovuti yao kabla hujanunua tiketi sita.