Rili ya kuvulia besi kwa krenki Naivasha: ya mviringo, ya kisasa, au ya spini?

MwanaNakuru
Wavuvi wenzangu, salamu. Nimekusudia kununua rili (kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo) moja ya kudumu kwa ajili ya kuvua samaki aina ya besi wa Ziwa Naivasha, hasa kwa krenki, yaani vile vyambo bandia vyenye ulimi wa plastiki mbele unaokizamisha chambo na kukitikisa kinapovutwa. Baada ya kuulizauliza nimebaki na tatu: Abu Garcia Ambassadeur 6500 C3, ambayo ni ya mviringo na uwiano wake wa gia ni 5.3:1, yaani mkono ukizungushwa mara moja ngoma inayobeba uzi huzunguka mara 5.3; Daiwa Tatula 100, ile ya kisasa, ya 6.3:1; na rili ya spini ya ukubwa wa 3000. Nataka izunguke kwa ulaini na isiharibike upesi. Mngenishauri nichukue ipi?

Fundi_wa_Rili
Ndugu MwanaNakuru, swali lako ni zuri lakini bado halijibiki. Hujatueleza kama unavulia mashuani au ufukoni, krenki zako huzama kina gani na zina uzito gani, fimbo yako ni ya aina gani, unatumia uzi gani, unazungusha kwa mkono upi, wala umetenga fedha kiasi gani. Kazi yangu ni kufungua na kusafisha rili za watu hapa Nairobi, na nimeona mara nyingi rili nzuri ikilaumiwa wakati tatizo ni fimbo ngumu mno au uzi usiofaa. Tupe maelezo hayo kwanza.

Mzee_wa_Dunga
Maelezo mengine yatafuata, lakini mimi nasema bila kusita kwamba achukue ya mviringo. Kampuni yake, Abu, ilianzia Svängsta, Uswidi, mwaka 1921, ikitengeneza saa kabla ya kugeukia rili, na hadi leo ukiifungua Ambassadeur unaona kazi ya watu waliozoea vyuma vidogo. Gia yake kubwa ni ya shaba nyeupe, fremu yake ni ya chuma, na vipuri vyake vinafahamika kwa kila fundi. Ni kweli kwamba ina uzito wa karibu gramu 300, lakini rili inayopita kwa watoto baada yako haiwezi kuwa kama karatasi. Ninayo moja hapa Kisumu ambayo imekwisha kubadilishwa beringi na bado inageuka kama siku ile.

Chubwi_Pwani
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote naomba nitofautiane nawe. Upepo wa Naivasha huanza kuvuma kwa nguvu alasiri, na mtu anayerusha chambo chepesi dhidi ya upepo kwa rili ambayo ngoma yake inazunguka atatumia nusu ya jioni akifumua uzi. Chambo kikipunguzwa kasi na upepo, ngoma inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile, uzi unafumana, na hakuna breki ya sumaku wala ya mzunguko itakayokuokoa kama kidole gumba hakijazoea. Spini ina ngoma tuli. Uzi hutoka tu. Huku Mombasa tunavulia spini kwenye miamba na katika maji ya chumvi, na ukiisuuza kwa maji baridi kila unaporudi inadumu vizuri.

MtuWaMwanza
Kabla hujatoa fedha, ndugu, naomba usome haya yaliyonipata, maana yanahusu hilo neno "kudumu" ulilolitaja.

Nilinunua rili ya ngoma inayozunguka katika duka moja ambalo sitalitaja, ikiwa ndani ya sanduku lenye jina linaloheshimika na stika ya kuhesabia beringi iliyonakshiwa kwa dhahabu. Mkononi ilikuwa laini kuliko rili zote nilizowahi kushika. Uliugeuza mkono wake kwa kidole kimoja ukaendelea kuzunguka wenyewe. Niliitumia kuburuta krenki kubwa za kina kirefu nyuma ya mashua upande wa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, ambako tunawatafuta sangara, na kwa muda ilikwenda vizuri. Baadaye nilianza kuhisi punje ndani yake, kama mchanga, hasa chambo kilipokuwa kinavuta kwa nguvu. Nikaipaka mafuta, punje zikabaki. Halafu siku sangara mzuri alipokamata na kuelekea chini, nilizungusha mkono na ngoma haikugeuka. Mkono ulikuwa ukizunguka bure, samaki anaondoka na uzi, na mwenzangu alilazimika kuushika kwa kitambaa na kuuvuta kwa mikono hadi ulipokatika. Tulipoifungua tulikuta meno ya gia kubwa yamelika upande mmoja, mengine yamepinda, na unga wa kijivu umechanganyika na grisi. Gia ilikuwa ya aluminiamu laini, na fremu ilikuwa ya plastiki ambayo ilijipinda kila mzigo ulipokuwa mkubwa, ndiyo maana gia hazikukaa sawasawa. Dukani waliniambia kwamba niliitumia kwa samaki mkubwa kupita kiasi, ilhali sandukuni paliandikwa kilo kadhaa zaidi ya uzito wa samaki yule. Tangu hapo ulaini wa dukani haunidanganyi.

Fundi_wa_Rili
Pole sana, ndugu yangu wa Mwanza. Umeeleza vizuri jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Rili inayozunguka kwa wepesi ikiwa mkononi tupu inaonyesha tu kwamba grisi ni kidogo na beringi ni mpya. Ulaini wa kweli hupimwa ikiwa na mzigo: funga uzi kwenye kitu, mtu aushike na kuuvuta kiasi, kisha uzungushe polepole ukisikiliza gia kwa vidole. Krenki ni mzigo wa kudumu, kwa sababu ule ulimi unasukuma maji tangu unapoanza kuvuta hadi chambo kifike mashuani, na kila mrusho ni vivyo hivyo. Mtu anayevua kwa mnyoo wa mpira anaweza kuishi na gia dhaifu kwa muda mrefu. Anayevua kwa krenki hawezi.

Kwa hiyo mambo ya kutazama ni gia kubwa ya shaba nyeupe yenye kipenyo cha kutosha, fremu ya chuma isiyojipinda, na kile kijiti chenye mifereji kinachompeleka na kumrudisha mwongoza uzi, pamoja na ulimi mdogo unaotembea ndani yake. Hapo ndipo mchanga hukusanyika na ndipo rili nyingi huanza kuchoka. Idadi ya beringi msiipe uzito mkubwa. Halafu kuna beringi ya upande mmoja, ile inayozuia mkono usirudi nyuma: hiyo haitaki grisi nzito, inataka tone la mafuta mepesi tu. Ikijazwa grisi huteleza, mkono unarudi nyuma unapomkaza samaki, na mwenye rili anadhani gia zimekwisha.

Bi_Karagita
Ninaishi Karagita na ziwa naliona kila asubuhi, kwa hiyo niseme machache kuhusu mahali penyewe. Sehemu kubwa ya Naivasha ni ya kina kifupi, na kina kirefu zaidi kiko kwenye kreta upande wa Crescent Island. Tangu maji yalipopanda sana karibu mwaka 2020, migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama majini ikiwa imekufa, na besi wanapenda kujificha kwenye vigogo hivyo. Krenki zinazofaa huku ni zile fupi zenye ulimi wa mraba, zinazoshuka mita moja hadi mbili na kugonga kigogo bila kunasa upesi. Isitoshe, tangu samaki aina ya karpi walipoingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanachimba matope chini na maji huwa machafu pale pale ambapo besi angetaka kuona, kwa hiyo chagua chambo chenye goroli ndani kinachopiga kelele. Mazungumzo ya krenki za kina kirefu, naona, ni ya ziwa la sangara. Na kabla ya yote akate leseni, na asiegeshe mashua karibu na viboko kwa kufuata kigogo kizuri.

Ughaibuni_Tennessee
Dada wa Karagita ametusaidia kuliko sisi sote, kwa sababu ametaja kina. Huku ninakoishi, besi wa Kentucky Lake wakati wa kiangazi hushuka kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, na watu huwafuata kwa krenki kubwa zinazozama zaidi ya mita sita. Chambo cha namna hiyo ukikivuta kwa rili ya 7.3:1, mkono unaumia na gia zinateseka, na ndiyo sababu wavuvi wa hapa hutafuta rili za 5.4:1 au karibu na hapo. Hesabu yenyewe ni rahisi: ngoma iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 34 huchukua takriban sentimita 58 za uzi kwa mzunguko mmoja ikiwa uwiano ni 5.4:1, na takriban sentimita 78 ikiwa ni 7.3:1. Gia ya chini ni rahisi kusukuma na inamlazimisha mtu avute polepole, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi kwa hiari.

Lakini kwa chambo kinachoshuka mita mbili, 6.3:1 inatosha kabisa, na ina faida moja kubwa: besi akikamata na kuja upande wako kwa kasi, unaweza kuukaza uzi kabla hajaitema ndoana. Mimi ningechukua Tatula. Fremu yake ni ya aluminiamu imara, ni nyepesi mno kuliko ile ya mviringo, na mwongozo wake wa uzi wenye umbo la T unaacha uzi utoke kwa upana unaporusha. Mtu anayerusha kutwa nzima ataushukuru wepesi huo jioni.

Mzee_wa_Dunga
Kijana wangu wa Tennessee, hesabu yako naikubali, lakini gramu mia hazijamwangusha mvuvi yeyote. Uzito huo ndio chuma unacholipia.

MwanaNakuru
Asanteni sana, na naomba radhi kwa kutotoa maelezo mapema. Ninavua nikiwa mashuani, kwa makasia, mara nyingi upande wa kusini wa ziwa. Krenki zangu ni za gramu 10 hadi 15, nyingi zikiwa za mita moja na nusu hadi tatu. Fimbo ni ya kaboni, ya urefu wa mita 2.1, ngumu kiasi. Uzi niliotumia hadi sasa ni wa kusukwa, kwa sababu niliambiwa haukatiki kwenye vigogo.

Ughaibuni_Tennessee
Basi hapo ndipo penye shida, ndugu. Uzi wa kusukwa haunyumbuki na fimbo yako ni ngumu. Krenki ina ndoana za utatu, yaani zenye ncha tatu, ambazo hushika ngozi nyembamba ya mdomo. Besi akiruka na kutikisa kichwa, hakuna kitu kinachonyumbuka na ndoana zinapasua. Tumia nailoni ya kawaida au florokaboni ya kilo 5 au 6, na ulegeze breki ya rili, ile inayomwachia samaki uzi anapovuta. Fimbo ya nyuzi za kioo, iliyo laini, ingekufaa kuliko rili yoyote kati ya hizo tatu.

MtuWaMwanza
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kwenye migunga iliyozama, nailoni ya kilo 5 ni zawadi kwa kigogo. Uzi wa kusukwa ni mwembamba, unakata maji, na chambo kinazama zaidi. Mwache atumie uzi wake, aongeze kipande cha nailoni nene mbele, mita moja au mbili, na breki ailegeze. Mimi hufanya hivyo kwa sangara, na ndoana hazipasui.

Ughaibuni_Tennessee
Sangara ana mdomo mgumu na uzito wa kujikaza mwenyewe juu ya ndoana. Besi wa kilo moja na nusu ni mwingine kabisa.

Bi_Karagita
Wote wawili mna haki, ila kwa mtu wa makasia ni tofauti kidogo, kwa sababu chambo kikinasa anaweza kusogea hadi juu ya kigogo na kukinasua kutoka upande wa pili. Ninaona vijana wa huku wakifanya hivyo kila siku kwa nailoni, na vyambo wanavyopoteza ni vichache. Anayevulia ufukoni ndiye anayehitaji uzi mgumu.

Fundi_wa_Rili
Naomba turudi kwenye rili. Kama atahamia nailoni, basi ngoma ya Tatula 100 inatosha, na ya 6500 ni kubwa kuliko haja ya besi. Ile ya mviringo ingefaa zaidi kama anakusudia pia kwenda kuwatafuta sangara. Spini ya 3000 itafanya kazi, ila kuvuta krenki kutwa kwa spini kunachosha kiganja, na uzi wa florokaboni hujikunja sana kwenye ngoma ndogo. Bado hujasema, ndugu: unazungusha kwa mkono wa kushoto au wa kulia? Na fedha je?

MwanaNakuru
Ninazungusha kwa kushoto. Fedha nimetenga shilingi 25,000, na sangara nimekuwa nikiwawazia kwa mwakani, ingawa sina hakika. Duka nililokwenda lina 6500 C3 peke yake, na mkono wake uko kulia.

Fundi_wa_Rili
Basi usiichukue hiyo, maana mkono wa rili ya ngoma hauhamishiki. Ya kushoto ni 6501 C3. Iulizie kwa namba hiyo. Tatula nayo ina toleo la kushoto, lakini hakikisha unaifungua sanduku kabla ya kulipa, na uijaribu ikiwa na mzigo kama nilivyoeleza.

Chubwi_Pwani
Spini mkono wake unahama upande wowote kwa kufungua skrubu moja, na kwa fedha hizo atapata nzuri, abaki na ya kununua nailoni na vyambo viwili.

Mzee_wa_Dunga
Asubiri tu 6501. MwanaNakuru, ukipita Kisumu, nitafute nikupe yangu uivulie kutwa nzima kabla hujaamua. Ni ya mkono wa kulia, lakini gia utazihisi.

MwanaNakuru
Mzee, nitakuja, na nitaleta fimbo yangu. Je, kuna yeyote aliyeiona 6501 C3 dukani Nairobi au Mombasa karibuni? Na Dada wa Karagita, vijana hao wa nailoni wanatumia ya kilo ngapi?