Mteja kashinda kesi, lakini kaninunia. Nimekosea wapi?

Wakili Mchanga
Wakuu, salaam. Nina mwaka wa tatu tangu niapishwe, niko Morogoro mjini, kesi zangu nyingi ni za viwanja. Wiki iliyopita nimeshinda shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mteja ni mama lishe wa Gairo, kiwanja chake kiko Kihonda, hapa hapa Morogoro mjini. Jirani alivuka mpaka akachimba choo. Baraza limesema choo kiondoke, na gharama alipe yeye. Nikampigia mama mbio mbio nimpe habari njema. Akanijibu taratibu: "Asante baba. Ila nikipata kesi nyingine sitakuja kwako."

Ada nilimpunguzia. Sikukosa siku hata moja. Wateja wanataka nini jamani?

Bi Tausi
Pole wakili msomi. Kabla hatujakuhukumu: kesi iliahirishwa mara ngapi, na huyo mama alikuja mara ngapi?

Wakili Mchanga
Iliitwa mara kumi na moja. Alikuja zote. Tano zilikuwa za kutajwa tu, na mara mbili mwenyekiti hakuwepo.

Bi Tausi
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Mimi nauza vitenge, nilikuwa na kesi ya mkopo, najua. Unafunga biashara, unadamka kuwahi basi, unakaa kwenye benchi mpaka saa tano, halafu karani anatoa kichwa: "Mje tarehe 14." Mwanasheria wako anafunga faili anaondoka, kwake hiyo ni kazi ya dakika tatu. Hakuna aliyekwambia kwamba kutajwa maana yake ni kupangiwa tarehe nyingine, na kwamba wakili angetosha. Yule mama amepoteza siku saba za kuuza wali kwa sababu ya ujumbe wa simu ambao hukuuandika.

Dereva wa Lori
Yangu ilikuwa ya mirathi ya baba. Tulilipa laki tatu ya kuanzia, kisha kila wiki "kuna hela ya kufuatilia". Kufuatilia nini? Sikuambiwa. Ningeandikiwa tu kwenye karatasi kwamba hii ada yangu, hii ya mahakama, hii nauli, nisingelalamika. Na barua! Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini barua za wakili wangu zilikuja kwa Kiingereza. Nilikuwa nampelekea mtoto wa dada, yuko kidato cha pili, anisomee siri za ukoo wetu.

(Alikuwa anaruka maneno magumu, nikagundua baadaye.)

Mzee wa Koridoni
Nimekaa kwenye makoridoo ya mahakama miaka ishirini na kitu, kwanza karani, sasa wakili. Kijana, hao wamesema kweli, lakini kuna jambo linanitisha zaidi. Ulipompigia ulimwambia "tumeshinda". Ulimwambia pia kwamba jirani ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu? Na kwamba hukumu haijikazi yenyewe, yaani haijitekelezi, lazima uombe barazani ikazwe, dalali wa baraza apewe amri ndipo aende kuvunja? Mteja akisikia "tumeshinda" anaelewa yameisha, aanze kumwaga zege.

Wakili Mchanga
Sikumwambia. Nilidhani anajua.

Mzee wa Koridoni
Atajua wapi? Wewe ulikaa darasani miaka minne, ukaongeza ya Shule ya Sheria. Mpigie. Usianze na vifungu, anza kwa kumuuliza yeye ana mpango gani na hicho kiwanja.

Wakili Mchanga
Mrejesho wakuu. Nimempigia saa moja usiku huu. Nimeuliza kama mzee alivyoelekeza. Kumbe kashaongea na fundi wa Kihonda, wameelewana elfu themanini, kesho alfajiri aende na nyundo kubwa akavunje choo cha watu! Tumeongea dakika arobaini. Fundi kasimamishwa. Nimemwambia Jumatatu napeleka maombi ya kukaza hukumu, na asije Morogoro mpaka nimwite. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza, "Sasa hiyo Jumatatu, jioni utanipigia, au nikupigie?"

Nimeweka alarm.